Beethoven na Mvumo Usionyamaza

Jina la Ludwig van Beethoven si geni kwa walimu na wanafunzi wetu. Hata mtu asiyeweza kusoma nota moja ya muziki amewahi kuambiwa kwamba hapo kale, barani Ulaya, alikuwapo mtunzi hodari aliyekuwa kiziwi. Habari hiyo husimuliwa kana kwamba ni muujiza, kisha msimulizi akanyamaza na msikilizaji akabaki kinywa wazi. Kasoro ya masimulizi ya aina hiyo ni kwamba yanatufanya tudhani uziwi wa Beethoven ulikuwa kimya. La hasha! Kwa miaka mingi masikio yake yalijaa makelele. Yalivuma na kuunguruma usiku na mchana, ilhali hapakuwa na chochote nje kilichotoa sauti hiyo.

Maradhi haya ya mvumo masikioni yangalipo hadi leo, na yamewapata wengi. Wapo wanaosikia mlio mwembamba kama wa nyenje, wapo wanaosikia ngurumo kama ya maji yaendayo kasi, na wapo ambao mvumo wao ulikuwa mdogo wa kuvumilika mpaka siku walipokutana na kishindo kikubwa, nao ukazidi. Kwa kuwa sauti hiyo haisikiwi na mtu mwingine yeyote, mgonjwa hukosa shahidi. Akilalamika huonekana mzushi. Akinyamaza huonekana mwenye kiburi au mzito wa akili. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa tuyatazame upya maisha ya Beethoven, si kama muujiza, bali kama historia ya mwanadamu aliyejifunza, kwa shida na kwa kuchelewa, namna ya kuishi na sikio lililojeruhiwa.

Beethoven alibatizwa mjini Bonn, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, tarehe 17 Desemba 1770. Babu yake, aliyekuwa na jina hilohilo la Ludwig, alikuwa kiongozi wa wanamuziki wa mtawala wa Bonn. Baba yake, Johann, alikuwa mwimbaji katika jumba hilo la kitawala, ila alikuwa mtu wa ulevi na mwenye mkono mzito. Alimfundisha mwanawe piano kwa ukali, akitamani kumwona akipata sifa akiwa angali mtoto. Mama yake, Maria Magdalena, alifariki mwaka 1787, na kijana huyo akajikuta akibeba jukumu la kuwatunza wadogo zake wawili wa kiume. Mwezi Novemba 1792, akiwa hajatimiza miaka 22, alihamia Vienna, mji mkuu wa Austria, ili asome kwa mtunzi mashuhuri Joseph Haydn.

Huko Vienna nyota yake iling'aa upesi. Kabla ya kujulikana kama mtunzi alijulikana kama mpiga piano asiye na mshindani, hasa katika kubuni muziki papo hapo mbele ya hadhira. Makabaila walimfungulia milango yao na wachapishaji wakawania kazi zake. Hapo ndipo, kati ya mwaka 1796 na 1798, alipoanza kuhisi mabadiliko masikioni. Alikuwa na umri usiozidi miaka 28. Fikiri, ewe msomaji, jinsi hali hiyo inavyomwingia mtu ambaye sikio ndilo jembe lake!

Dalili zake tunazijua vyema kwa sababu mwaka 1801 aliwaandikia barua marafiki wawili, daktari Franz Wegeler aliyekuwa Bonn na Karl Amenda aliyekuwa amerudi kwao katika nchi za Baltiki. Aliwaeleza kwamba masikio yake yalivuma bila kukoma. Aliwaeleza pia kwamba sauti za juu za ala na za waimbaji zilimpotea akiwa mbali kidogo. Katika jumba la maigizo alilazimika kukaa karibu kabisa na okestra ili amwelewe mwigizaji. Mtu akizungumza kwa upole, aliisikia sauti lakini hakuyapata maneno. Na bado mtu akipaza sauti, makelele hayo yalimwumiza asiweze kuyastahimili.

Kwa mtu wa isimu, maelezo hayo yana thamani kubwa. Katika usemi wa binadamu irabu ndizo zenye nguvu nyingi, na nguvu hiyo imo katika sauti za chini. Konsonanti kadhaa, hasa zile za kukwamiza kama s, f na sh, ni hafifu, na nguvu yake imo katika sauti za juu. Sikio likianza kuharibika katika sauti za juu, irabu hubaki na konsonanti hutoweka. Mwanafunzi mwenye tatizo kama hilo husikia kwamba mwalimu amesema kitu, lakini hawezi kuamua kama ni fika, shika au pika. Amesikia sauti, hakusikia neno. Basi Beethoven alikuwa akieleza, bila kuwa mwanaisimu, jambo ambalo fonetiki ilikuja kulithibitisha baadaye. Na lile la kuumizwa na makelele nalo lina sababu: sikio lililojeruhiwa hupoteza uwezo wa kusikia sauti ndogo, lakini halipati uvumilivu wa sauti kubwa. Nafasi iliyopo baina ya kutosikia na kuumia huwa nyembamba mno.

Alifanyaje? Kwanza alijificha. Katika barua hizo aliwasihi marafiki zake wasimwambie mtu. Kwa karibu miaka miwili alikuwa ameepuka mikutano ya watu, kwani hakuweza kuwatamkia kwamba yeye, mwanamuziki, hasikii. Aliona heri aitwe mwenye kisirani kuliko aitwe kiziwi. Wahenga wetu waliliona jambo hili zamani waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Beethoven kilichoumbuka mapema kilikuwa urafiki wake na watu: waliomzunguka walikasirishwa na ukimya wake bila kuijua sababu.

Matabibu hawakumsaidia sana. Mmoja alimtilia mafuta ya lozi masikioni. Mwingine alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu ya mto Danube, kisha akamfunga mikononi gome la mti lenye kutoa malengelenge, tiba iliyomzuia kupiga piano kwa siku kadhaa kila ilipofanywa. Alisikia pia habari za kutibiwa kwa umeme, jambo lililokuwa jipya wakati huo, akataka kujua zaidi. Kila mgonjwa wa mvumo atautambua mwendo huu wa kukimbilia kila mlango wenye harufu ya dawa.

Mwaka 1802 tabibu wake, Johann Schmidt, alimshauri aende shambani apumzishe masikio. Alikwenda Heiligenstadt, kijiji kilichokuwa nje ya Vienna, akakaa nusu mwaka. Ushauri huo ulikuwa na hekima ndani yake, lakini kimya nacho kina upande wa pili, kwani mvumo husikika zaidi pale ambapo hakuna sauti nyingine. Mwanafunzi wake, Ferdinand Ries, alisimulia baadaye kwamba siku moja walipokuwa wakitembea, alimwonyesha Beethoven mchungaji aliyekuwa akipiga filimbi msituni. Beethoven alitega sikio kwa muda mrefu, asisikie kitu. Ries, kwa kumhurumia, alidai kwamba hata yeye haisikii tena filimbi ile, na haikuwa kweli. Mwalimu wake alizama katika huzuni.

Mwezi Oktoba 1802, katika kijiji hichohicho, Beethoven aliandika waraka mrefu kwa wadogo zake. Humo alikiri kwamba aibu ya maradhi yake ndiyo iliyomfanya aonekane mtu wa kuchukia watu. Alieleza jinsi alivyodhalilika wengine waliposikia kitu asichokisikia yeye. Alikiri kwamba alikuwa karibu kuukatisha uhai wake, na kwamba kilichomzuia ni sanaa yake, kwa kuwa aliona bado hajaitoa kazi aliyohisi imo ndani yake. Waraka huo hakuupeleka kwa yeyote. Ulipatikana miongoni mwa karatasi zake baada ya kufa kwake.

Hata hivyo, aliyerudi Vienna baada ya waraka ule hakuwa mtu yule yule. Miaka iliyofuata ilizaa simfonia ya tatu, iliyokuwa ndefu na yenye nguvu kuliko zilizotangulia, pamoja na kazi nyingine ambazo hadi leo hupigwa kila pembe ya dunia. Mnamo mwaka 1806, pembeni mwa karatasi za rasimu ya muziki, alijiandikia azimio kwamba uziwi wake usiwe siri tena, hata katika sanaa. Ilimchukua karibu miaka minane kufika hapo. Tukumbuke kwamba masikio yake hayakuwa yamepata nafuu hata kidogo, bali yalikuwa yamezidi kudhoofika. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kutumia nusu ya nguvu zake katika kuficha.

Kisha vikaja vita. Mwezi Mei 1809 majeshi ya Napoleon yaliuzingira mji wa Vienna, na usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 mizinga ya Wafaransa iliunyeshea mji makombora. Beethoven alikimbilia nyumbani kwa mdogo wake Kaspar, akateremka katika chumba cha chini ya ardhi. Ries anasimulia kwamba alikaa humo akiwa amejifunika kichwa kwa mito ili mishindo ile isimfikie masikioni. Wengine waliogopa kifo peke yake. Yeye aliogopa pia kupoteza mabaki ya usikivu aliyokuwa nayo.

Je, hofu hiyo ilikuwa na msingi? Naam, tena mkubwa. Ndani kabisa ya sikio umo mrija uliojisokota mfano wa gamba la konokono. Humo zimo seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio, ambazo kazi yake ni kugeuza mitetemo ya sauti kuwa ujumbe wa neva unaokwenda kwenye ubongo. Kishindo kikali huzivunja seli hizo kama upepo wa kimbunga uvunjavyo mabua ya mahindi. Tofauti ni kwamba mahindi hupandwa tena, ilhali seli hizi za binadamu hazioti tena. Ubongo usipopata ujumbe uliouzoea huongeza usikivu wake, mithili ya mtu anayefungua redio hadi mwisho kutafuta stesheni iliyopotea, na kinachosikika ni mvumo. Kwa hiyo mtu mwenye mvumo akikutana tena na kishindo, huongeza jeraha juu ya jeraha.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba mizinga ndiyo iliyomfanya Beethoven kuwa kiziwi. Maradhi yake yalianza zaidi ya miaka 10 kabla ya siku ile. Mito aliyojifunika ilikuwa ngao ya mtu aliyekwisha kujeruhiwa. Lakini madhara ya miezi ile hayakuwa ya sikio pekee. Haydn, aliyekuwa mwalimu wake, alifariki tarehe 31 Mei mwaka huohuo, mji ukiwa mikononi mwa Wafaransa. Mwezi Julai Beethoven alimwandikia mchapishaji wake wa Leipzig akilalamika kwamba ngoma, mizinga na dhiki za watu zilimzunguka pande zote, na kwamba tangu mapema Mei hakuweza kutunga kitu cha maana kwa mfululizo. Hili nalo ni la kuzingatiwa: mvumo hulishwa na wasiwasi na ukosefu wa usingizi, na vita vilimpa vyote viwili.

Aliinuka tena. Katika mwaka huohuo wa 1809 aliukamilisha utungo wake wa tano wa piano na okestra, mmojawapo wa tungo zake tukufu kabisa. Ila hakuupiga mwenyewe mbele ya hadhira. Ulipopigwa Leipzig mwaka 1811, na Vienna mwaka 1812, walioketi kwenye piano walikuwa watu wengine. Mwaka 1814 alishiriki kwa mara ya mwisho kama mpiga piano katika muziki wa pamoja hadharani, na waliohudhuria waliona wazi kwamba mkono ulikuwa haupati tena mwongozo wa sikio. Alikubali kuiacha kazi moja ili aishike nyingine. Kuiacha piano ya jukwaani kulimpa nafasi ya kutunga.

Pamoja na hayo alitafuta vyombo vya kumsaidia. Johann Mälzel, fundi ambaye jina lake huhusishwa na metronomu, alimtengenezea pembe za kusikilizia za madini. Kuanzia mwaka 1818 Beethoven alitembea na madaftari ambayo wageni waliandikia maneno yao, naye akiwajibu kwa mdomo. Zaidi ya madaftari 130 yamehifadhiwa hadi leo. Ndani yake mna mambo makubwa na madogo: sanaa, siasa, bei za vyakula, ugomvi na watumishi. Mtu ambaye karibu miaka 20 kabla ya hapo alimsihi rafiki yake asitoboe siri, sasa alikuwa akimkabidhi kila mgeni kalamu na karatasi.

Nisimfanye malaika. Beethoven alikuwa mwepesi wa hasira na mwingi wa shuku, na vita vyake vya mahakamani dhidi ya shemeji yake kuhusu malezi ya mpwa wake, Karl, viliwaumiza wote watatu. Uziwi hauhalalishi makosa hayo. Lakini asiyesikia vizuri huona midomo ikicheza na nyuso zikicheka, akadhani ndiye anayesengenywa. Mbegu ya shuku huota upesi katika udongo huo.

Tarehe 7 Mei 1824 simfonia yake ya tisa ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna. Beethoven alisimama mbele ya wanamuziki akiufuata muziki katika karatasi zake, lakini aliyewaongoza hasa alikuwa Michael Umlauf. Inasimuliwa kwamba hadhira iliposhangilia, Beethoven alikuwa ameipa mgongo asijue lolote, mpaka mwimbaji kijana, Caroline Unger, alipomshika na kumgeuza ili aone kwa macho makofi asiyoweza kuyasikia. Wengi hulikumbuka tukio hilo kwa ajili ya Beethoven. Mimi hulikumbuka pia kwa ajili ya Unger, aliyetambua mwenzake anakosa nini, akamsaidia bila kumwaibisha.

Beethoven alifariki mjini Vienna tarehe 26 Machi 1827, akiwa na umri wa miaka 56. Umati wa maelfu uliyasindikiza mazishi yake. Daktari aliyeuchunguza mwili wake alikuta neva za usikivu zimesinyaa. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa chembechembe za urithi kutoka katika nywele zake, wakaona dalili za ugonjwa wa ini, lakini hawakupata chanzo dhahiri cha uziwi. Siri ya maradhi yale angali nayo kaburini.

Tunachoweza kujifunza hakimo kaburini. Kwa walimu wenzangu, nasema hivi: mtoto anayeomba kukaa mbele, anayejibu swali ambalo hakuulizwa, au anayeziba masikio kengele inapolia, asihukumiwe kuwa mjinga wala mtundu kabla masikio yake hayajapimwa. Kumpigia kelele hakumsaidii, huenda kukamwumiza. Aone uso wako, umwambie neno kwa utulivu, na uandike ubaoni.

Kwa wanafunzi, najua kwamba mizinga ya Napoleon imekwisha nyamaza. Lakini muziki wa matatu unaotetemesha viti, vipaza sauti vya disko na vile vidude vya kutia masikioni vimechukua nafasi yake, na hivi hatuvikimbii, bali tunavilipia nauli na kiingilio. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki, na ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, ila kanuni haiwezi kumtoa mtu kifaa sikioni. Ukitoka mahali pa kelele na masikio yako yanalia, hilo ni onyo.

Na kwa yule ambaye mvumo umekwisha kumwingia, au umezidi baada ya kishindo, asikate tamaa. Amwone daktari wa masikio mapema, hasa usikivu ukipungua ghafla, kwa maana hapo siku moja au mbili zina uzito. Ajikinge na kelele kali, lakini asijifungie katika kimya kitupu. Sauti ndogo ya feni, mvua au redio iliyopunguzwa humsaidia mtu kulala. Vipo vifaa vya kusikilizia kwa waliopungukiwa na usikivu, na upo ushauri nasaha unaoufundisha ubongo kutouogopa mvumo. Dawa ya kuufuta kabisa haijapatikana, lakini wengi hufikia hatua ya kuusahau kwa saa nyingi za siku. Zaidi ya yote, amwambie mtu: mzazi, mwalimu, rafiki. Beethoven alipoteza miaka minane ya ujana wake akiilinda siri ambayo haikumlinda yeye. Hakuna haja ya mwanafunzi wa leo kulipa karo hiyo mara ya pili.